Mahali Mwandishi Alipojihurumia

Mnamo Julai 1816, katika kijiji cha Chawton kusini mwa Uingereza, Jane Austen aliandika sentensi ya mwisho ya riwaya yake Persuasion na kutia tarehe chini yake: 18 Julai. Kitabu kilikuwa kimekwisha. Mpwa wake, aliyeandika habari za maisha yake miaka mingi baadaye, anasimulia kwamba shangazi yake hakuridhika. Aliuona mwisho ule umepwaya, akaenda kulala na moyo mzito, na asubuhi akaamka na mawazo mapya. Kufikia tarehe 6 Agosti alikuwa ameikataa sura moja na kuandika mbili mahali pake.

Karatasi za ule mwisho wa kwanza zimehifadhiwa British Library, London. Ni bahati ya ajabu, maana katika riwaya zake sita kubwa hakuna kipande kingine cha mswada wa mkono kilichosalia. Mtu akiziweka kurasa hizo kando ya zile zilizochapwa Desemba 1817, miezi mitano baada ya Austen kufariki, anamwona mwandishi mkubwa akiwa kazini, peke yake, bila mhariri wa kumwambia kitu. Sijui shule bora kuliko hiyo kwa anayetaka kuujua uhariri wa hadithi.

Kwanza hadithi yenyewe. Anne Elliot ana miaka ishirini na saba. Miaka minane nyuma alimpenda Frederick Wentworth, kijana wa jeshi la majini asiye na mali, na watu wa karibu wakamshawishi amkatae. Sasa Wentworth amerudi akiwa nahodha na tajiri. Kitabu kizima wanakutana vyumbani, mezani, matembezini, kila mmoja akimjua mwenzake kuliko mtu mwingine yeyote pale, na hawazungumzi. Akifika ukurasa wa mia mbili, msomaji ana deni analolidai: hawa wawili waseme. Na kila kitu ambacho mwandishi amekijenga kinawazuia wasiseme.

Katika mwisho wa kwanza Austen alipata njia rahisi. Anne yuko barabarani mjini Bath, anakutana na Admirali Croft, shemeji yake Wentworth. Mzee anamkaribisha nyumbani kwake amsalimie mkewe, ambaye kumbe yuko juu na fundi wake wa nguo. Wentworth yumo humo ndani. Admirali amesikia uvumi kwamba Anne ataolewa na binamu yake na kwamba huenda watataka kuhamia jumba la Kellynch, ambalo Admirali amelipanga. Anamtuma Wentworth amuulize. Wentworth, kwa uchungu, anatimiza ujumbe wa shemeji yake, Anne anakana habari za ndoa, macho yanakutana, mambo yamekwisha.

Sura hiyo haina ubaya wa wazi. Sentensi zimenyooka, Admirali anapendeza kama kawaida yake, na hakuna mchapishaji ambaye angeirudisha. Lakini tazama nani amefanya kazi. Uvumi umeletwa na wengine, swali limetungwa na mzee, Wentworth ni mjumbe tu na Anne anajibu anachoulizwa. Wapenzi ambao kosa lao la zamani lilikuwa kuacha watu wengine wawaamulie wameunganishwa tena na mtu mwingine. Mwandishi alifika penye ugumu, akamkabidhi mhusika wa pembeni aubebe. Alijihurumia. Nadhani ndicho kilichomnyima raha usiku ule.

Sasa mwisho wa pili. Tuko katika hoteli ya White Hart, chumba kimejaa watu. Wentworth ameketi mezani akiandika barua kwa niaba ya rafiki yake, Nahodha Harville. Harville mwenyewe amesimama dirishani na Anne. Amefiwa na dada yake, na mchumba wa marehemu ameshapata mwanamke mwingine; picha iliyochorwa kwa ajili ya marehemu sasa inatiwa fremu apewe huyo mpya, na barua inayoandikwa pale mezani ni ya shughuli hiyo. Kwa hiyo mazungumzo yanakuja yenyewe: kati ya mwanamume na mwanamke, nani hudumu katika kupenda? Harville anawatetea wanaume, Anne anawatetea wanawake. Mara kalamu ya Wentworth inaanguka. Anne anashtuka kugundua kwamba yuko karibu kuliko alivyodhani.

Kuanzia hapo kila neno la Anne lina wasikilizaji wawili. Harville anasema vitabu vyote viko upande wake, Anne anamjibu kwamba vitabu vimeandikwa na wanaume. Kisha anamwambia kwamba wanawake huendelea kupenda hata tumaini likishakufa, na kule mezani mtu mmoja anaandika kwa haraka kitu ambacho si barua ya Harville. Wentworth anatoka na wenzake. Anarudi, eti amesahau glavu zake, anachomoa barua chini ya karatasi zilizotawanyika, anaiweka mbele ya Anne, na kutoka tena. Kuna mama mmoja humo chumbani, wala hakuona kitu.

Jambo ninalolistahi sana hapa ni kwamba kizuizi hakikuondolewa. Bado hawazungumzi! Chumba kimejaa, adabu imewafunga midomo, na Austen badala ya kuwatafutia faragha amewaacha palepale pagumu mpaka wakapata njia ndani ya kizuizi chenyewe: mmoja anasema na mtu mwingine, mwenzake anaandika. Anne, aliyenyamazishwa akiwa na miaka kumi na tisa, ndiye anayesema kwanza. Barua inatoka mkononi mwa Wentworth mwenyewe. Hakuna aliyetumwa.

Tena hakufumua zaidi ya palipostahili. Msusi wa mkeka akiona ukili umekwenda upande, hufumua mpaka alipokosea, akaanza hapo. Haufumui mkeka wote. Sura ya kumalizia ya Persuasion ilibaki karibu kama ilivyokuwa Julai, na hata mazungumzo ya wapenzi baada ya kupatana, yaliyokuwamo katika sura iliyokataliwa, aliyaokoa kwa sehemu na kuyahamishia mahali papya. Kuna waandishi ambao wakishika kalamu nyekundu huharibu pia palipokuwa pazuri, kwa hasira au kwa hofu. Kujua wapi usiguse ni nusu ya ufundi huu, nayo haionekani, kwa sababu haiachi alama kwenye karatasi.

Kaka yake Austen, Henry, aliwaambia wasomaji baada ya kifo chake kwamba kila kitu kilitoka kalamuni mwa dada yake kikiwa kimekamilika. Aliyasema kwa mapenzi, nami namwelewa. Watu hupenda kumsifu msanii kwamba hatoi jasho. Lakini karatasi zinasema vingine. Mswada wa The Watsons, riwaya aliyoianza karibu mwaka 1804 na kuiacha, sehemu yake kubwa iko maktaba ya Bodleian, Oxford. Austen alikuwa akikunja karatasi na kutengeneza vijitabu vidogo, akaandika akavijaza pande zote bila kuacha pambizo. Alipotaka kuongeza kitu hapakuwa na nafasi. Basi alikata kipande cha karatasi kwa kipimo cha kile alichotaka kuongeza, akakiandika, akakibandika juu ya ukurasa kwa pini, pini hizihizi za kushonea. Viraka vya namna hiyo mle ni vitatu. Ukiangalia picha za kurasa zile, mistari iliyofutwa kwa wino mzito na maneno yaliyobanwa juu ya maneno, humwoni mwanamke aliyejaliwa tu kipaji. Unamwona fundi aliyepima.

Kifaransa kina mfano mwingine, wa mtu wa tabia tofauti kabisa. Gustave Flaubert aliandika Madame Bovary kuanzia Septemba 1851 hadi Aprili 1856 nyumbani kwake Croisset, kando ya mto Seine karibu na Rouen. Maktaba ya Rouen ina maelfu ya kurasa za rasimu za kitabu hicho kimoja. Alikuwa na desturi ya kuzisoma sentensi zake kwa sauti kubwa, kwa kupiga kelele hasa, akitembeatembea, kwa sababu aliamini kwamba sentensi mbovu hubana kifua cha anayeisema. Jumapili rafiki yake Louis Bouilhet alikuwa akija, naye akamsomea alichokipata wiki nzima.

Sikio lake lilimsaidia kufanya jambo ambalo jicho peke yake lisingeweza. Katika sura ya maonyesho ya kilimo, Rodolphe amempandisha Emma Bovary ghorofani katika jumba la manispaa, anamtongoza, huku chini uwanjani wakubwa wa serikali wakihutubia na kutoa zawadi kwa wakulima. Flaubert alimwandikia mpenzi wake Louise Colet kwamba alitaka vyote visikike kwa pamoja: ng'ombe wakilia, wapenzi wakihema, maofisa wakitoa maneno yao. Sura hiyo moja ilimla miezi kadhaa ya mwaka 1853. Ukiisoma polepole unaiona mbinu. Mwanzoni hotuba ni ndefu na maneno ya Rodolphe ni marefu. Kisha vipande vinafupishwa kidogo kidogo, mpaka neno moja la mapenzi linafuatwa palepale na zawadi ya samadi. Mwandishi hatii neno lake. Hakuna mahali anapotuambia kwamba Rodolphe ni laghai. Angeweza kutuambia kwa sentensi moja, na angejiokolea miezi hiyo yote.

Kwa Chinua Achebe kuna jambo la tatu, la ukubwa. Mwaka 1956 alipelekwa London kwa mafunzo ya utangazaji katika BBC, akiwa na mswada mmoja mkononi. Mwalimu wake mmoja, Gilbert Phelps, ambaye naye alikuwa mwandishi wa riwaya, aliusoma akaupenda, akataka kuuonyesha kwa wachapishaji. Fikiria kijana wa Kiafrika wa wakati ule, hajachapa kitabu, anafunguliwa mlango wa namna hiyo. Achebe akasema hapana, mswada bado unahitaji kazi. Akarudi nao Nigeria.

Kazi iliyohitajika ilikuwa kubwa kuliko kusahihisha. Mswada ulikuwa unasimulia vizazi vya ukoo mmoja, babu hadi mjukuu, na Achebe alitambua kwamba ndani yake mlikuwa na kitabu zaidi ya kimoja, na kwamba kila kimoja kilikuwa kikimnyang'anya mwenzake pumzi. Msimuliaji mwenye vizazi kadhaa mkononi ana ruhusa ya kuharakisha. Okonkwo, yule babu, akianza kuwa mgumu kueleweka, mtoto wake yuko tayari kuingia. Achebe akaikata ruhusa hiyo. Aliondoa yote yaliyofuata, akabaki na mkulima wa viazi vikuu peke yake, akampa nafasi yote. Kitabu kilitoka London mwaka 1958, na wasomaji wetu wengi walikutana nacho kwa jina la Shujaa Okonkwo. Mjukuu naye alipata kitabu chake mwaka 1960. Nakistahi sana kile kitendo cha kukataa mkono wa Phelps. Mwandishi mchanga husikia njaa ya kuchapishwa kuliko njaa nyingine yoyote, na wahariri wengi watakuambia kwamba miswada mingi inayowafikia ilitoka mezani mapema mno.

Mbinu za kila siku zinajulikana, wala si siri. Mswada huwekwa kando wiki au miezi mpaka mwandishi asahau alichokusudia na aweze kusoma alichoandika. Huchapishwa kwenye karatasi, kwa sababu kwenye skrini macho huteleza. Husomwa kwa sauti. Mwingine humpa kila mhusika siku yake, akapitia kitabu kizima akifuata maneno ya mhusika huyo tu, aone kama anaongea kwa kinywa chake. Yote haya ni njia za kujifanya mgeni mbele ya kazi yako mwenyewe. Ugumu unaanza baada ya hapo, pale unapopaona mahali palipolegea na ukajua sababu yake.

Nitoe mfano mdogo wa Kiswahili, nilioutunga kwa ajili ya makala hii. Rasimu ya kwanza inasema: "Mzee Haruni alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake kwa sababu mke wake ambaye alikuwa anampenda sana alikuwa amefariki dunia." Mhariri wa sarufi ataikata: "Mzee Haruni alikuwa na huzuni kubwa kwa sababu mkewe mpendwa alikuwa amefariki." Imekuwa fupi, imenyooka, na bado haina kitu. Mwandishi hajamwona Mzee Haruni. Amepewa taarifa zake. Basi arudi aingie ndani ya nyumba ile, atazame mzee anafanya nini. "Asubuhi Mzee Haruni alitoa vikombe viwili kabatini. Akavitazama kwa huzuni. Akakirudisha kimoja." Afadhali. Lakini "akavitazama kwa huzuni" ni mwandishi anamgusa msomaji begani, anamwomba ahisi. Itoke. Na kifo, tutakijuaje? "Wageni wa arobaini walipokwisha kuondoka, Mzee Haruni alitoa vikombe viwili kabatini, akakirudisha kimoja." Sasa kifo kimo, upweke umo, hata idadi ya siku imo, na neno huzuni halimo. Tazama pia kazi inayofanywa na ile -ka- ya "akakirudisha". Inakiunganisha kitendo cha pili na cha kwanza bila kuacha ufa wa maelezo katikati. Mkono umeenda, mkono umerudi.

Lugha yetu ina vishawishi vyake, na mwandishi wa Kiswahili anayejihariri lazima avijue. Kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni methali. Tumerithi hazina, tunaipenda, na tukifika mahali pagumu tunaiita ije kutusaidia. Kijana ameondoka nyumbani kwa ugomvi, ameharibikiwa mjini, amerudi usiku na mfuko wa rambo mkononi, baba amefungua mlango. Sasa? Hapa ndipo riwaya ilipo. Na hapahapa msimuliaji anatuambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sura inafungwa. Methali ni ya kweli, lakini imetumika kama Admirali Croft: imetumwa ikafanye kazi ya baba na mwana. Mwandishi aifute kwa muda, awaache wawili wale mlangoni, asubiri. Baba atasema nini? Huenda atauliza kama amekula. Huenda atatazama ule mfuko. Ikiwa baada ya hapo methali bado inadai nafasi yake, na irudi, lakini itoke kinywani mwa baba, ikiwa na hasira yake au aibu yake.

Jambo gumu zaidi ni umbali wa miaka. Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha A Grain of Wheat mwaka 1967, akiwa hajatimiza miaka thelathini. Mwaka 1986 akatoa toleo alilolirekebisha. Katikati ya miaka hiyo alikuwa amefungwa Kamiti bila kufikishwa mahakamani, ameandika riwaya ya Kigĩkũyũ kwenye karatasi za chooni, na ameingia uhamishoni. Mtu aliyerudi kwenye kitabu hakuwa yule aliyekiandika. Alibadilisha namna harakati za ukombozi zinavyotajwa, na tukio la kumdhulumu mwanamke wa Kizungu, Dkt. Lynd, ambalo lilikuwa likiwatia doa wapiganaji. Wapo wanaoona kwamba huko ni siasa kuingilia sanaa. Mimi naona swali lilelile la Austen likiulizwa kwa namna nyingine: wapi kijana wa 1967 alikubali jambo kwa sababu lilikuwa jepesi kulikubali? Kinachonifanya niliheshimu jibu lake ni kwamba kiini hakukigusa. Mugo bado ndiye aliyemsaliti mpiganaji Kihika, na bado anasimama mbele ya watu na kusema. Kama Ngũgĩ angetaka tu kuwapamba wapiganaji, hapo ndipo pangekuwa pa kwanza kulainishwa.

Haya yote tunayajua kwa sababu karatasi zilibaki, au kwa sababu matoleo yote mawili yalichapwa. Kwa waandishi wa Kiswahili tuna bahati ndogo zaidi. Rasimu hutupwa, huliwa na mchwa, hupotea nyumba ikihama. Siku hizi kompyuta huandika juu ya sentensi ya jana na kuifuta bila kuacha hata alama ya wino. Ningeomba kila mwandishi anayemaliza riwaya ahifadhi angalau mswada mmoja wenye makovu, na maktaba za vyuo vyetu, Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, zijitolee kuipokea miswada ya namna hiyo na kuwaonyesha wanafunzi. Mwanafunzi akisoma Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, anashika kitabu chembamba sana chenye mambo mengi mno, na mwalimu humweleza falsafa yake. Ningependa aweze pia kuuliza swali la kifundi: je, wembamba ule ulikuwapo tangu sentensi ya kwanza, au kulikuwa na kitabu kikubwa ambacho Kezilahabi alikikata usiku kwa usiku mpaka kikabaki hicho? Na kama alikikata, alianzia wapi?